Makumbusho na wageni wasioona: anza na mikono, breli itafuata

Kama unaendesha makumbusho, hata yawe chumba kimoja nyuma ya ofisi ya utamaduni huko Soroti, hapa Uganda, siku moja atafika mtu na fimbo nyeupe mlangoni na utabaki unajiuliza huyu nimwonyeshe nini. Wengi hapo ndo wanakimbilia kusema "tuko kwenye mpango wa kuleta breli", yale maandishi ya nukta zinazosomwa kwa kidole. Mimi nasema breli iwe ya nne au ya tano huko. Cha kwanza ni vitu vya kushika, cha pili ni mtu anayejua kuelezea, cha tatu ni njia isiyompasua mtu kichwa. Ukiwa na hivyo vitatu hata kama huna hela ya mashine yoyote, mgeni wako ataondoka anazijua ngoma na vyungu vya kwenu. Ukiwa na breli peke yake ataondoka amesoma lebo tu, na lebo angeweza kusomewa nyumbani.

Alafu ujue kwanza unamwandalia nani. Wasioona kabisa ni wachache, wengi wanaona kidogo. Mwenye presha ya macho anaweza kuona katikati tu kama anachungulia kwenye bomba, mwingine ni kinyume, pembeni anaona ila katikati kuna doa, mwenye mtoto wa jicho kila kitu kina ukungu, na wenzetu wenye ualbino wengi mwanga mkali unawaumiza na herufi ndogo hawazipati hata wakisogea. Huko West Nile na kaskazini kuna wazee waliopoteza macho kwa usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wa kando ya mito, Karamoja na Busoga wapo walioumizwa na trakoma. Hawa macho yaliondoka wakiwa watu wazima, hakuna aliyewafundisha breli. Wanaoisoma kwa kawaida ni waliopita shule kama Madera kule Soroti au Salama kule Mukono. Kwa hiyo ukiweka nukta nundu ukutani ukadhani umemaliza, yule mzee wa Arua, huko West Nile, bado uko naye hapo mlangoni.

Waite kabla hujanunua kitu

Piga simu UNAB, chama cha kitaifa cha wasioona, kipo tangu 1970 na kina watu wake mpaka wilayani. Omba watu watatu: mmoja aliyezaliwa haoni, mmoja aliyepoteza macho ukubwani, mmoja mwenye uoni hafifu. Usichukue mmoja tu maana huyo mmoja atakupa matatizo yake na utadhani ni ya wote. Na uwalipe. Simaanishi soda na asante, namaanisha hela, kwa sababu mtu ametoka Mukono kwa taksi mbili na boda, amekaa siku nzima anakwambia pale umekosea na hapa umekosea, hiyo ni kazi ya kitaalamu na iandikwe kwenye bajeti kama unavyoandika ya fundi umeme.

Zoezi lenyewe lianzie stegi, lisianzie kwenye chumba cha maonyesho. Waache watembee kutoka pale taksi inapowashusha mpaka kwenye dawati lako la tiketi, wewe uko nyuma unaandika, usisaidie mpaka uombwe au uone hatari. Utashangaa. Mtaro wazi ambao wewe unauruka kila asubuhi bila kufikiri, geti la miguu lenye kizingiti, askari anayesema "pita kule" huku ananyoosha kidole, hayo yote ni sehemu ya makumbusho yako hata kama hayako kwenye ramani. Kule ndani waulize swali moja tu kwenye kila kituo: "Hapa umepata nini?" Usiulize "umependa?" maana watu wetu wana adabu, watasema wamependa.

Njia

Fimbo nyeupe inagundua kilicho chini. Haigundui kilichoning'inia. Hili ndo linaumiza watu kwenye makumbusho yetu kwa sababu sisi tunapenda kutundika: mikuki, ngao, pembe za ng'ombe wa Ankole zimetokeza ukutani urefu wa mkono mzima kwenye usawa wa uso. Kanuni ni rahisi, kitu chochote kilichotokeza zaidi ya sentimita 10 toka ukutani, kikiwa kati ya sentimita 70 na mita 2 kutoka sakafuni, kitampiga mtu kabla fimbo haijakiona. Kipandishe juu au weka kitu chini yake, boksi la mbao au chungu kikubwa cha maua, ili fimbo igonge hicho kwanza. Madirisha yanayofunguka kuelekea kwenye njia nayo ni hivyohivyo, yafungue yote kabisa mpaka yalale ukutani au yafunge.

Kama sakafu ni ya simenti au vigae, unaweza kubandika ukanda wa mpira au kamba nene ya katani kwenye sakafu kutoka mlangoni hadi meza ya kwanza ya kushika, upana wa vidole viwili vitatu, ubandikwe vizuri usije ukamkwaza mwenye magongo. Kwenye kila kituo tandika mkeka unaokatiza ukanda, mguu utasikia tofauti na mtu atajua hapa kuna kitu. Usihamishe meza kila wiki. Mgeni anayerudi anakumbuka kwa hatua.

Kitu kingine ambacho hatukifikirii ni jua. Mtu mwenye uoni hafifu anatoka nje saa saba mchana, jua la Kampala liko utosini, anaingia kwenye ukumbi wenye giza na kwa dakika kadhaa haoni hata kile kidogo alichokuwa anaona. Weka benchi karibu na mlango, mwambie karibu ukae kwanza, msalimiane, mwambie utaratibu wa ndani. Hiyo benchi haina gharama na itatumiwa na wazee wote.

Vitu vya kushika

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo utapata upinzani. Msimamizi wa stoo atakwambia mikono inaharibu, na hajadanganya, jasho lina chumvi, chuma kinapata kutu, ushanga unakatika uzi. Lakini jambo hili si geni duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kule Sunderland, Uingereza, bwana mmoja J. A. Charlton Deas aliwafungulia watoto na watu wazima wasioona makumbusho ya mji wakashika vitu vyenyewe. Ancona, Italia, kuna makumbusho nzima ya kushika, Museo Omero, yalifunguliwa 1993 kwa wazo la mume na mke ambao wote hawaoni. Na hapa kwetu, makumbusho ya taifa pale Kampala, Kitante, Kira Road, kwa miaka mingi yanajulikana kwa vyombo vya muziki ambavyo havikuwekwa viwe picha, vilipigwa, tangu enzi za Klaus Wachsmann aliyekuwa msimamizi miaka ya 1950. Kwa hiyo mila ya kugusa tunayo. Tuliiacha tu tukajaza makabati ya kioo.

Usitoe chochote stoo ukakiweka mezani bila kujua historia yake. Vitu vya zamani vya ngozi, manyoya, nyuzi, na wale wanyama waliojazwa, makumbusho mengi duniani yalivipaka arseniki au kuvipulizia DDT ili wadudu wasile, na sumu hiyo haitoki kwa miaka. Mtu anayeona anatazama na kwenda zake. Mtu unayemwambia "shika kwa mikono yote miwili" alafu anaenda kula chapati pale nje, huyo umemwekea hatari. Kama daftari la stoo halisemi kilipakwa nini, chukulia kimepakwa.

Ndo maana mimi naona vitu vipya vilivyotengenezwa na mafundi wenyewe ni bora kuliko vya zamani kwenye meza ya kushika. Ngoma nenda Mpambire, pale Mpigi barabara ya Masaka, kijiji kizima kinatengeneza ngoma. Lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, tafuta mafundi wa ukoo wa Ngonge, ndo wenye kazi hiyo Buganda. Waambie wakutengenezee kwa njia yao ya kawaida, wasikupe ya watalii iliyopakwa vanishi, vanishi inafanya kila kitu kiwe sawa kwa kidole. Na mgeni mwambie ukweli, kwamba hii ni mpya, imetengenezwa kwa namna ileile, ya zamani iko kabatini mita mbili kulia kwako. Kama ya zamani ilikuwa na ngozi ya kenge na wewe umeweka ya mbuzi, sema ni ya mbuzi. Kenge ni mnyamapori na huwezi kuamka tu ukanunua ngozi yake, lakini mgeni ana haki ya kujua kwamba ile ya asili ina magamba madogo madogo ambayo kidole kinayapata vizuri na hii haina.

Anza na vitu vitano. Vitano vinatosha. Kushika kunachukua muda, anayeona anakamata umbo la kitu kwa mara moja, anayeshika anajenga umbo kipande kwa kipande, kwa hiyo vitano ni saa nzima na mgeni hajachoka. Vichague vitofautiane: kimoja kizito, kimoja chenye sauti, kimoja chenye harufu, kimoja kilichosukwa, kimoja cha udongo.

Niseme kidogo kuhusu hicho cha udongo kwa sababu ndo ninachokipenda. Ufinyanzi wa kale wa eneo hili la maziwa makuu unaoitwa Urewe, una zaidi ya miaka 2000, na vyungu vyake vingi vina kibonyeo kwenye kitako, kashimo kadogo ambako ncha ya kidole inaingia kabisa. Kwenye kabati la kioo hakuna anayekiona maana chungu kimekaa kwa kitako! Yaani hapa asiyeona akipewa nakala mkononi anapata kitu ambacho umati wote unaopita mbele ya kioo haukipati. Muagize mfinyanzi akutengenezee chungu cha namna hiyo na kingine cha namna ya baadaye, vile vilivyopambwa kwa kuviringisha kamba ya nyasi iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Weka vyote viwili mezani pamoja na kipande cha hiyo kamba. Mgeni ashike kwanza cha Urewe, apande na mistari iliyochorwa shingoni, ageuze, apate kashimo. Alafu ashike cha pili, ngozi yake imejaa vidoti na mikwaruzo inayojirudia, hapo mpe kamba mkononi na umwache. Usimwambie. Wengi wataanza kuviringisha kamba juu ya meza wenyewe.

Meza iwe imara, juu yake weka mkeka wa mpira au taulo zito ili kitu kisiteleze, vidogo viwe kwenye sinia lenye ukingo, vizito vifungwe. Pete, bangili na saa zivuliwe, mikono inawe kwa sabuni na ikaushwe, maji yawe karibu siyo huko uani. Glavu achana nazo kama kitu ni kipya, glavu inaziba kila kitu. Anza kumwambia mgeni ukubwa na umbo kwa jumla, mikono miwili izunguke kitu chote, ndo baadaye vidole vitafute mambo madogo. Na usimshike mkono ukamburutia kwenye kitu. Mwambie kiko wapi, au weka mkono wako kwenye kitu na yeye afuate mkono wako.

Muziki sina haja ya kusema sana, unajieleza. Amadinda, marimba ya Buganda, ina vibao 12 vimelala juu ya vigogo viwili vya mgomba, wapigaji wawili wanakaa kuelekeana wanapishana, wa tatu anakamata vibao viwili vya sauti ya juu kabisa. Mketishe mgeni, mpe fimbo ya kupigia, mwenzake akae upande wa pili. Ukumbuke tu vigogo vinakauka na kuoza, panga kuvibadilisha, amadinda iliyokaa juu ya migomba iliyooza inalia vibaya na inanuka.

Visivyoshikika

Michoro ya miambani ya Nyero kule Kumi, ile miduara mekundu ndani ya miduara, huwezi kuruhusu mtu aipapase, mafuta ya ngozi yanaharibu rangi. Hapo unatengeneza mchoro wa kugusa. Njia ya gharama ni karatasi maalum inayovimba ikipitishwa kwenye joto pale palipochorwa kwa wino mweusi. Njia ya kwetu ni ubao wa plaiwudi, gundi ya mbao na uzi wa pamba. Bandika uzi ufuate duara, ndani yake duara lingine, acha nafasi ya nusu sentimita au zaidi kati ya uzi na uzi, ikiwa karibu zaidi kidole kinasikia fujo tu. Usifuate picha ya kamera kila mkwaruzo. Chukua mchoro mmoja, uurahisishe, wa pili uweke kwenye ubao mwingine. Mwamba wenyewe unaweza kuleta kipande cha jiwe la aina hiyohiyo kutoka chini ya mlima (omba ruhusa, usilibandue mahali penye michoro), mgeni apate ukwaruzo wake.

Majengo ni modeli. Kaburi la wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, nyumba inayoitwa Muzibu-Azaala-Mpanga, liliungua Machi 2010, limekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, ni nyumba ambayo hata anayeona haipati yote akiwa amesimama chini yake. Modeli nzuri ni ya ukubwa ambao mikono miwili inaweza kuikumbatia, paa la nyasi halisi, na paa linatoka ili mkono uingie ndani uzipate zile pete za dari, 52, kwa koo 52 za Buganda. Sasa kwenye modeli pete 52 zitakuwa nyembamba mno, weka chache na uongeze kipande cha pete moja cha ukubwa wa kweli pembeni. Sema kipimo kwa mwili: "mlango wa modeli ni ncha ya kidole chako, mlango wenyewe unaingia umesimama."

Kuelezea

Mtembezaji mzuri wa wanaoona anaweza kuwa mbaya kabisa hapa kwa sababu maneno yake yote ni "hiki hapa", "kama mnavyoona", "kile pale". Mfundishe kuanza na jumla alafu aende kwenye undani: ni nini, ukubwa gani ukilinganisha na mwili, kimetengenezwa na nini, kimekaaje, rangi, ndo sasa hadithi yake. Rangi usiiruke. Aliyepoteza macho ukubwani anaikumbuka, na aliyezaliwa haoni anaishi kwenye lugha yenye rangi kama sisi wote.

Tahadhari moja. Vitabu vya wenzetu vinafundisha kuelekeza kwa uso wa saa, kitu kiko saa tatu maana yake kulia. Kwetu saa tatu asubuhi mshale mfupi uko kwenye tisa, yaani kushoto! Nimeshuhudia mgeni anageuka upande usio wake na mtembezaji anarudia kwa sauti kubwa zaidi. Achana na saa, sema kushoto, kulia, mbele yako urefu wa mkono, usawa wa kiuno.

Mfano wa maelezo ya lubugo, ukiyasoma taratibu hayamalizi dakika moja na nusu:

"Mbele yako kuna kitambaa cha gome la mti wa mutuba, Waganda wanaita lubugo. Kimetundikwa ukutani, upana ni kama mikono yako yote miwili ukiinyoosha, urefu ni kutoka sakafuni hadi kumpita mtu mrefu. Rangi yake ni kahawia inayokwenda kwenye wekundu, ile ya barabara ya marramu ikinyeshewa. Chini upande wa kulia kuna kiraka kimeshonwa kwa mkono, pale gome lilipotoboka wakati wa kupigwa. Kipande kilichoko mezani ni chako. Pitisha kidole taratibu, utapata mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, hizo ni alama za nyundo ya mbao yenye mifereji. Zipo nyundo tatu hapo kando, anza na yenye mifereji mipana, fundi naye anaanza na hiyo. Sasa kikunje karibu na sikio. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi huu kuwa kati ya kazi bora za urithi wa binadamu."

UNESCO nimeiweka mwisho makusudi. Wengi wanaanza nayo, na mgeni anakaa anasubiri kujua kitu chenyewe kikoje.

Kurekodi, usianze na App. Tafuta mtu mwenye sauti nzuri, redio zetu zimejaa watu hao, rekodi kwa Kiingereza na lugha ya watu wa hapo, na Kiswahili ukiweza kwa sababu wageni kutoka Kenya, Tanzania na Congo wapo na kwenye katiba yetu ni lugha ya pili rasmi tangu 2005. Zile spika ndogo za memori kadi zinazouzwa mjini zinafaa, zina vitufe vya kubonyeza, bandika kidonge cha gundi ngumu kwenye kitufe cha kuanza ili kidole kikipate. Msimbo wa QR ni sawa kwa wenye smatifoni na TalkBack, ile programu inayosoma skrini kwa sauti, lakini uwe na fremu ya kupapasika, vinginevyo mtu atajuaje uko wapi ukutani, na bando iwe ya makumbusho. Mwenye katochi, ile simu ndogo ya vitufe, mtumie nini? Msomee. Masikio yote mawili yasizibwe, spika moja sikioni inatosha, lingine linahitajika kusikia mazingira.

Lebo na breli

Kwa uoni hafifu: herufi nyeusi kwenye karatasi ya rangi ya maziwa isiyong'aa, saizi 18 kwenda juu, mwandiko usio na mikia, usiandike yote kwa herufi kubwa. Ile dhahabu juu ya mbao inapendeza kwenye picha za ufunguzi na hakuna anayeisoma. Lebo iwe mahali mtu anaweza kusogeza uso, siyo nyuma ya kamba mita moja na nusu. Vitambaa vya zamani vinataka mwanga mdogo, karibu lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kwa hiyo elekeza taa kwenye lebo na kwenye nakala, cha asili kibaki kwenye kivuli chake.

Breli sasa. Karatasi kubwa ya breli ina mistari kama 25, kila mstari nafasi kama 40, kwa hiyo herufi elfu moja hivi na ukurasa umeisha, na maneno ya Kiswahili na Luganda ni marefu. Lebo yako ya aya nne itakuwa kijitabu. Fupisha: jina la kitu, kimetoka wapi, lini, jambo moja la kukifanya kidole kitafute. Iweke kwenye ubao ulioinama kidogo usawa wa kiuno hadi kifua, breli iliyobandikwa wima ukutani inavunja viganja. Kama unataka kuipitisha kwenye mashine ya laminesheni ya joto ujue inalaza nukta. Waulize wasomaji wako wanataka breli ya kifupi au ya herufi kamili. Alafu mtu anayesoma breli aikague ikiwa tayari imebandikwa, siyo ofisini. Kuna makumbusho nimeingia, jina naliacha, breli ilikuwa safi kabisa, imechapwa vizuri, iko ndani ya kabati la kioo. Mwingine aliibandika kichwa chini. Fundi hasomi breli, atajuaje?

Wafanyakazi

Mtu akifika, sema wewe kwanza, taja jina na kazi yako. "Karibu ssebo, mimi ni mtembezaji hapa, nikupe mkono?" Akikubali, yeye ndo anashika kiwiko chako na wewe unatangulia nusu hatua. Usimsukume kwa mgongo. Ukiondoka sema unaondoka, usimwache anaongea na ukuta. Na ongea na yeye, usimuulize aliyemsindikiza "huyu anataka kushika ngoma?" huku mwenyewe amesimama hapo, ni mtu mzima na ana watoto chuo kikuu. Anayesindikiza aingie bure. Mbwa wa kuongoza hapa ni nadra sana lakini askari wa getini ajue kabla, akija mtalii na mbwa asimfukuze.

Bosi akikwambia hakuna bajeti, mkumbushe Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, ibara ya 30 inataja makumbusho kwa jina, na tuna sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya 2020. Kisha mwonyeshe hesabu ya vitu vitano, meza, mkeka, sabuni na spika mbili. Mara nyingi hiyo hesabu ndo inamlainisha, sheria inamkasirisha tu.

Ukishakuwa tayari watu wajue. Bango haliwafikii, unaelewa kwa nini. Tangaza redioni kwa lugha ya pale, tuma voisi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasioona, sema kwa uwazi kuna nini cha kushika, siku gani kuna mtembezaji aliyefundishwa, ushukie stegi gani na nani atakupokea pale. Namba ya simu utakayoitaja iwe ya mtu anayepokea, isiwe ile ya mezani ya ofisi.